Kaiti ya mtumba ya mzee Mtaliano

Wakati huo nafanya kazi hoteli moja hapa Malindi, na kila nikienda upande wa Mambrui naona watu wamesimama kwenye ubao, wanavutwa na kaiti, lile tiara kubwa la upepo, wanaruka juu ya maji, basi roho yote iko kule. Kaiti mpya peke yake, bila ubao bila kamba, yapita dola 1,000, na nyumbani kuna watu wananitegemea, kwa hivyo mpya sikuifikiria kabisa.

Lakini sisi wa Malindi twajua, mwisho wa Machi kaskazi likianza kufa Wataliano wengi wanafunga nyumba warudi kwao kabla ya masika, na hapo ndo vitu vinauzwa, friji, pikipiki, mpaka kaiti, manake kusafirisha mizigo hiyo kwa ndege nayo ni pesa. Rafiki yangu mmoja anayefundisha watu kaiti akanambia usiwe na haraka. Ya kwanza kuonyeshwa ilikuwa shilingi 12,000 tu, lakini kitambaa ukikishika kimelegea kama leso iliyofuliwa miaka, jua na chumvi zishakimaliza, nikashukuru nikaenda zangu.

Ya pili ilikuwa ya mzee mmoja Mtaliano, kaiti ya mita 12 za mraba na kamba zake na ubao na pampu, yote 60,000. Nikamwomba nirudi na mjomba wangu, mvuvi wa Shella. Kaiti hajaigusa maisha yake yote ila kamba na tanga kazaliwa nazo.

Tukaijaza upepo kwenye mirija yake pale uani tukaiacha, tukaletewa kahawa, saa nzima ikapita na mjomba kila akikaa kidogo anainuka kuibonyeza. Ubavu mmoja ukawa unalegea. Tukapaka maji ya sabuni, povu likachemka pale pa kujazia hewa. Mzee mwenyewe akasema hapo pataka kubadilishwa, si kazi kubwa.

Kisha zile kamba nne. Mjomba akazifunga zote ncha kwenye msumari mmoja wa mlango, akarudi nyuma mpaka zikanyooka, akakivuta kile kijiti cha kushikia, akakitizama weee, akaniita.

"Mjomba, ebu njoo hapa. Hizi mbili za katikati zimezidi vidole vitatu."

Na ndivyo inavyokuwa, za katikati ndo zinabeba uzito wa mtu kwa hivyo zinarefuka kushinda za pembeni, na zikizidi hivo kaiti inarudi nyuma inaanguka. Inarekebishika kwa fundo, lakini lazima ujue, na mimi nilikuwa na furaha sana kumuona mjomba anayaona mambo ambayo hakuna aliyemfundisha.

Kitu ambacho sikukubali kukipunguza ni kile kifyatuo chekundu cha kujitoa kaiti ikikuzidi nguvu. Nikavuta kwa uzito wangu wote, mzee akakisukuma, kikaachia hapo hapo, tukarudia na tena kikaachia. Kikigoma hicho usinunue hata ukipewa bure, huo ndo uhai wako.

Ubao tukamwachia, ulikuwa mdogo, na anayeanza ataka mkubwa kidogo umbebe hata upepo ukiwa hafifu. Mjomba akaanza, "Mzee wangu, hapa pavuja, kamba zimerefuka, na ubao wabaki kwako, tufanyie ya kijana." Mzee akacheka, akashuka mpaka 38,000 na pampu ndani.

Hanesi, ule mkanda wa kukuunganisha na kaiti, nikanunua mpya inayonikaa kiunoni sawasawa, na pesa iliyobaki yote ikaenda kwa masomo, manake bila mwalimu vitu vyote hivyo ni hatari tupu. Ubao nikawa naazima kwa yule rafiki yangu. Mjomba nikampa ya tambuu, akakataa, akasema siku nikienda kuirusha nimwite aje azione zile kamba zikifanya kazi.