Reli imeingia chini ya ukuta wa yaya

Nimerudi Lubumbashi baada ya miaka 11 Missouri, Marekani, na hamu yangu ilikuwa vitu viwili: bukari (ugali) ya mama, na kutembea juu ya reli ya zamani nyuma ya nyumba yetu. Bukari nimeikuta. Reli niliifuata hatua kama 40, mikono nimeitanua kama utotoni, ikaingia chini ya ukuta. Ukuta wenyewe ni wa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa. Upande wa pili kumechomoza taruma moja la chuma, na mama muuza makala (makaa) amelifanya kiti.

"Treni haipiti tena," yaya akaniambia. "Ulitaka niachie majani?"

Na mji huu ulizaliwa na reli, iliyofika kutoka kusini mwaka 1910!

Kule Missouri kuna njia ambayo treni zake zilikoma 1986. Leo inaitwa Katy Trail, zaidi ya kilomita 380 za waenda kwa miguu na baiskeli. Si kwamba watu wa kule wana roho safi kutuzidi. Wenye mashamba ya kando waliitaka ardhi, maana mahali pengi kampuni za reli zilikuwa na haki ya kupita tu. Kilichowazuia ni kifungu cha sheria cha mwaka 1983: kampuni ikiacha laini ya reli, serikali ya mtaa au chama kinaweza kuipokea pamoja na kodi na madai yake, na kisheria laini huhesabiwa imelala, haijafa. Treni ikihitajika, inarudi. Kesi ya kukipinga ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1990 kifungu kikasimama, ingawa wenye ardhi waliachiwa nafasi ya kudai fidia.

Sisi nusu ya kazi tunayo. Sheria yetu ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, na ile iliyowekwa kwa huduma ya umma haigawiwi mtu mpaka iondolewe rasmi kwenye kazi hiyo. Lakini ardhi isiyopitwa na mtu huliwa tofali kwa tofali. Laini ikilala, komine, yaani manispaa, ingekabidhiwa kwa sheria, wapite watoto wa shule na wale wanaosukuma baiskeli za makala kati ya malori.

Yaya alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na ukuta wangu?"

Nikamwambia ungevunjwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza narudi Marekani lini.