Nyoka wako jike akikwama na mayai usikae unasubiri

Wadau habari zenu, leo naongea na wenzangu wa huku ughaibuni ambao ndani ya nyumba kuna nyoka, najua mpo wengi tu hata kama kwenye simu na ndugu hamsemi, wengine nyoka ni wa watoto, wengine ni wa yule mnayepanga naye. Mi huku nafanya kazi ya usaidizi kwenye kliniki ya wanyama na kila msimu wa kutaga naona jambo lilelile, jike analetwa hoi, mayai yamekwama tumboni, na mwenyewe anasema alidhani atataga tu akiwa tayari. Inaniuma kwa sababu wengi wangepona kirahisi wangeletwa mapema.

Na usiseme wangu hana dume. Jike aliyekomaa anaweza kutunga mayai viza akiwa peke yake, na hayo nayo yanakwama vilevile.

Kitu cha kwanza shika tarehe. Kabla ya kutaga wengi wanavua gamba, kwa koni sneki (corn snake, aina ya nyoka wanaofugwa sana majumbani) ukihesabu kama wiki 2 toka siku hiyo mayai yanatoka, wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi wanaojiviringisha wakiogopa wao wanakwenda karibu mwezi. Akishaanza kutaga kwa kawaida anamaliza ndani ya siku moja, mbili zikizidi sana. Sasa ukiona ametoa mengine akanyamaza, siku 2 zimepita na huku nyuma bado kuna vinundu, au anajikamua anainua mkia na hakuna kinachotoka, hapo usiendelee kuuliza watu mtandaoni, piga simu kliniki. Kutokula peke yake isikutishe, wengi wakiwa na mayai wanagoma kula.

Sababu ziko za aina mbili. Kuna njia kuzibwa, yaani yai ni kubwa mno au limekaa vibaya au limegandana na lenzake, alafu kuna misuli kushindwa kusukuma, na hii ndo inayohusu sana namna tunavyowafuga: jike amepandishwa bado mdogo, au amenona na hana pa kutembea, kizimba kina baridi, maji mwilini yamepungua, au ana maambukizi kwenye mrija wa mayai. Ila kinachosahaulika kuliko vyote ni pa kutagia. Jike asipopata sehemu ya giza, yenye unyevu na iliyombana kidogo anayazuia mayai huku anazunguka zunguka kizimbani usiku kucha, wakati boksi la plastiki lenye mfuniko, tundu moja la kupitia na mosi (moss, yale majani laini ya kuvumwani) iliyoloweshwa ikakamuliwa linatosha kabisa, liweke mapema kabla hajavua lile gamba.

Na tafadhali sana, USIMKAMUE. Kuna video zinaonyesha mtu anasukuma yai kwa vidole mpaka linatoka, jamani yai likikwama linaweza kuwa limeshikana na ukuta wa mrija, ukilisukuma mrija unapasuka ndani au unatoka wote nje kwa nyuma, na hapo umeshageuza tatizo dogo kuwa kifo.

Kliniki watampiga eksirei kujua yamebaki mangapi na yamekaaje, watampa maji na kumrudisha kwenye joto lake, na kuna wakati hiyo tu inatosha. Oksitosini, dawa ya kuchochea misuli isukume mayai, ipo ila kwa nyoka haifanyi vizuri kama kwa kobe, na kama njia imezibwa ni hatari. Ikishindikana daktari anapitisha sindano katikati ya magamba ubavuni anavuta majimaji ya yai, linanywea, alafu nyoka analitoa mwenyewe baada ya siku kadhaa. Sasa ndo maana napigia kelele muda, yai likikaa sana yaliyomo yanaganda na sindano haivuti kitu tena, inabaki opresheni, na kwa vile mrija wa nyoka ni mrefu anaweza akachanwa sehemu zaidi ya moja. Anapona lakini ni mateso, na kizazi kinaweza kupotea.

Kwa sisi wa ugenini kuna hili pia, sio kila daktari wa wanyama anapokea nyoka. Wengi wanaishia mbwa na paka, kwaiyo piga simu sasa hivi wakati mnyama ni mzima, uliza kama wanatibu reptilia na kama wana zamu ya usiku, na kama lugha ya huko bado inakusumbua andika kabisa kwenye karatasi tarehe aliyovua gamba, siku aliyoanza kutaga na idadi ya mayai yaliyotoka. Siku ya kumpeleka mtie ndani ya foronya, funga fundo juu, weka kwenye boksi lenye matundu na chupa ya maji ya vuguvugu iliyozungushiwa taulo pembeni yake, maana akifika amepoa hata dawa zinachelewa kufanya kazi.