Haidra wa Uyole: kopo la saba limekubali

Wamechipua! Asubuhi hii haidra watatu kati ya watano, wanyama wadogo sana wa maji baridi ninaowafuga kwenye kopo, wana vichipukizi ubavuni, yaani watoto, na kimoja kimeshaota minyiri yake, ile mikono myembamba ya kuzunguka mdomo.

Tangu Machi nimezika makopo sita. Kifo kilikuwa kilekile: siku ya kwanza wananyooka vizuri, ya pili ncha za minyiri zinavimba, ya tatu wamejikunja kama vidonge, ya nne maji matupu. Nikalaumu klorini, nikaacha maji ya bomba wazi kwenye ndoo siku mbili. Wakafa. Nikaleta maji ya chemchemi. Wakafa. Juni nikalaumu baridi, nikafunika kopo kwa blanketi, mke wangu akauliza, "Baba watoto, na maziwa limeshanyonya?" Wakafa wakiwa na joto lao.

Jibu lilitoka kwa konokono. Walioingia pamoja na majani ya dimbwini nao walikuwa wanakufa, na konokono huyo ndoo ya jikoni haimshindi. Ndipo nikautazama ule waya wa umeme niliouchuna nikafungia majani yazame. Shaba! Chembe tu ya shaba majini ni sumu kwa haidra na konokono wote wawili. Miezi minne nilikuwa nawatilia sumu kwa mkono wangu. Sasa majani yanazamishwa na kijiwe na uzi wa nailoni.

Jambo la pili ni dogo ila lisipuuzwe: mdomo wa haidra ndio pia njia yake ya kutolea taka, hivyo saa chache baada ya kuwalisha viroboto-maji, vidudu vidogo vya majini, nabadilisha maji.

Kuhusu vifaa, lenzi ya kubandika kwenye simu inatosha kabisa kuhesabu minyiri. Ile hadubini ya mtumba iliyonila hela ina skrubu inayoteleza. Nimeishia kuikodolea macho yenyewe badala ya mnyama.

Wiki hii niliahidi kuandika ukoo mzima wa wanyama-upupu, wale wenye seli zinazochoma. Kwa kifupi: matumbawe na anemoni hubaki polipu (umbo la mrija uliojishikiza, mdomo juu) maisha yote, konyeza wengi huanza polipu kisha huachia medusa (umbo la mwavuli) inayoogelea, haidra yumo kwenye kundi la Haidrozoa, ambamo jamaa zake wengi hutoa medusa, yeye hana habari nayo. Wote wana seli za upupu. Wapwani wana miamba ya matumbawe, sisi wa nyanda za juu tuna madimbwi ya kando ya mashamba ya viazi, ukoo ni mmoja.

Yaliyobaki yatasubiri, maana jana nilimkumbuka mwanasayansi Abraham Trembley, aliyewakata haidra vipande kule Uholanzi miaka ya 1740 na kila kipande kikawa mnyama kamili. Siki niliyonunua ya kufyatulia seli za upupu imerudi jikoni. Nimechukua wembe mpya, nikamkata mmoja katikati.

Saa nne usiku: kipande cha juu kimeshika kioo. Cha chini bado kidonge. Nimeweka chombo chao juu ya kabati, watoto wasifike.