Antena 64 na matriki ambayo mnara haujapewa na mtu: kumbukumbu ya mradi

Hatua ya kwanza imekamilika: mnara wangu wa simu wa kuigiza, ulioandikwa kwa lugha ya Python na maktaba yake ya hesabu NumPy, sasa unakadiria chaneli, yaani njia ya mawimbi kati ya simu na mnara. Una antena 64 katika mstari mmoja, zikiachana kwa nusu ya urefu wa wimbi, ambayo kwa masafa ya gigahezi 3.5 ni sentimita 4.3. Simu inatuma pailoti, yaani ishara ambayo mnara unaijua tangu mwanzo, na mnara unatafuta jinsi ishara hiyo ilivyobadilika njiani hadi kwenye kila antena. Jibu ni namba changamani 64.

Nimeamua simu ndiyo itume, kwa sababu pailoti huhesabiwa kwa watumaji. Simu 10 zinahitaji pailoti 10 hata mnara ukiwa na antena 640. Mnara ukituma wenyewe, kila antena itadai yake, na muda ni mchache: gari likienda kilomita 100 kwa saa, chaneli hubadilika ndani ya takriban milisekunde 1.

Mbinu rahisi ni kugawa kilichopokewa kwa pailoti, basi. Lakini nguvu ya ishara ikilingana na ya kelele, kosa linakuwa kubwa sawa na chaneli yenyewe, na kuongeza antena hakusaidii, maana kila moja inakadiriwa peke yake. Mbinu ya pili, inayopunguza wastani wa mraba wa kosa, hutumia uhusiano kati ya antena. Nikiruhusu mawimbi yaje ndani ya digrii 10 kila upande wa mbele ya safu, chaneli inajibana katika takriban pande 11 tu kati ya 64, na kelele ya pande nyingine inatupwa. Kosa linashuka kwa takriban desibeli 8. Nililipenda sana jedwali la matokeo hayo lilipotokea!

Ila mbinu hiyo inadai matriki ya kovariansi, yaani jedwali la namba linaloonyesha uhusiano wa kila antena na nyingine, na mifano mingi huukabidhi mnara matriki hiyo kana kwamba ilikuwapo tayari. Nani aliyeipima? Mnara halisi una pailoti zenye kelele tu. Wastani wa vipimo 30 unaweza kueleza pande zisizozidi 30, na ukiondoa kelele humo, thamani aigeni nyingine, yaani namba zinazoonyesha nguvu ya kila upande, zinageuka hasi, jambo lisilowezekana kwa nguvu. Kwangu mimi, hili ndilo tatizo lenyewe. Fomula ya makadirio ni sehemu nyepesi.

Kilichosaidia zaidi ni umbo la Toeplitz, yaani matriki ambayo kila ulalo wake una namba moja inayojirudia. Katika safu iliyonyooka, uhusiano wa antena mbili hutegemea umbali kati yao tu. Jozi za antena jirani ziko 63 na zote zinapaswa kusema jambo lilelile, kwa hiyo nachukua wastani wake; hivyo hivyo kwa kila ulalo wa matriki. Kisha thamani hasi nazifanya sifuri. Vipimo vichache vinatosha ghafla. Udhaifu unabaki kwenye kona, kwa sababu jozi ya antena ya 1 na ya 64 ni moja tu.

Lakini umbo hilo linadhani mawimbi yanafika yakiwa yamenyooka, bila mpindo, kama yatokayo mbali. Kwa kanuni ya Fraunhofer, simu inahesabiwa kuwa mbali vya kutosha ikipita mpaka ambao ni mara mbili ya mraba wa urefu wa safu, ukigawa kwa urefu wa wimbi. Safu yangu ina mita 2.7, hivyo mpaka uko karibu mita 170, na watumiaji wengi wa mnara wanaweza kuwa ndani ya hapo! Nikizipanga antena 8 kwa 8, mpaka unarudi hadi mita 4 hivi, lakini mlalo unabaki na antena 8 na uwezo wa kutenganisha mawimbi ya kushoto na kulia unapungua. Sitaki kuupoteza.

Kwa hiyo safu inabaki ilivyo, nami naikata vipande vinne vya antena 16. Kila kipande kina mpaka wa karibu mita 10, na ndani yake Toeplitz inafaa. Uhusiano kati ya vipande utatoka kwenye wastani wa kawaida, ukipunguzwa nguvu kwa kipimo ambacho bado nakitafuta. Pailoti za seli jirani (maeneo yanayohudumiwa na minara mingine) zinazogongana, tatizo ambalo mtafiti wa mawasiliano Thomas Marzetta aliliweka wazi mwaka 2010, zitaingia baada ya vipande hivi kukubali kufanya kazi pamoja.