Siku moja maishani mwangu: uwanja wa farasi uliochakaa, mchanga huja mwisho

Kazi yangu ni kurekebisha viwanja vya wazi vya kuendeshea farasi, hasa vya shule ndogo za Karen na Lang'ata, Nairobi, ambako mwenye uwanja huwa na pesa ya malori mawili na hamu ya malori kumi. Uwanja wa leo ni mita 20 kwa 40. Ni Februari, kiangazi, na masika yanakaribia. Tuko watu watano: saisi (watunza farasi) wawili wa hapo, vibarua wawili na mimi.

Saa 12:00 asubuhi. Mkononi nina nondo ya milimita 8 iliyokwanguliwa alama kila sentimita. Naichomeka mchangani hadi igonge tabaka gumu la chini la moramu, yaani udongo wa changarawe ulioshindiliwa, naandika kina, nasogea mita tano. Kwenye kingo napima kwa karibu zaidi, maana ugonjwa wote uko huko. Katikati kina ni sentimita 5 au 6. Kwenye njia ya farasi kando ya uzio ni 1 au 2. Mita ya mwisho kabla ya mbao za chini ya uzio inapanda hadi 15, kama tuta. Kila kwato inapopita hutupa mchanga nje, na mchanga huo hauna njia ya kurudi wenyewe.

Mahali ambapo nondo haigongi kitu bali inazidi kuzama, naichomoa nitazame ncha. Ikitoka na udongo mwekundu unaonata, tabaka la chini limetoboka. Nachomeka kigingi hapo. Leo vigingi ni vinne: kona mbili, langoni, na mahali wanapotua farasi wakiruka viunzi.

Saa 1:00. Saisi wanaokota mavi na mawe, na kung'oa nyasi pamoja na mizizi. Mavi yakiachwa yakasagika na kwato, huwa unga laini unaoziba nafasi kati ya chembe za mchanga. Ndiyo sababu uwanja uliokuwa ukipitisha maji vizuri huanza kutuamisha.

Wakati huo najaza chupa ya plastiki theluthi moja ya mchanga wa uwanja, naongeza maji, natikisa kwa nguvu na kuiweka mahali pa kutulia. Mchanga hushuka ndani ya dakika moja. Tope laini huchukua saa kadhaa kushuka na hukaa juu yake kama tabaka la rangi nyingine. Udongo wa mfinyanzi huyaacha maji na ukungu hadi kesho. Tope likiwa jembamba, mchanga huu bado unafaa. Likiwa nene, kuongeza mchanga mpya juu yake ni kuuharibu huo mpya.

Saa 2:00. Maji. Sehemu hii wenye viwanja wengi hawataki kuilipia kwa sababu haionekani kwenye picha. Napima mteremko kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji, mita 25, mtu mmoja kila upande. Uwanja huu ulijengwa kuteremkia upande mmoja kwa asilimia 1, yaani sentimita 20 kwa upana wa mita 20, na mteremko wenyewe bado upo. Shida ni lile tuta la mchanga chini ya mbao: limegeuka bwawa. Maji yanateremka vizuri, yanafika ukingoni, yanazuiwa, yanarudi kulala kwenye njia ya farasi. Njia ikilowa inalainika, kwato zinachimba zaidi, tuta linakua.

Vibarua wanazibua mfereji wa nje na kuurudishia kina cha sentimita 30, ukiteremkia bondeni. Mbao za chini tunaziinua ziache mwanya wa sentimita 2, na nyuma yake tunapanga kokoto ili maji yapite, mchanga ubaki. Kwenye udongo mwekundu wa magharibi ya jiji hilo linatosha. Ukishuka kuelekea Athi ukakuta udongo mweusi unaovimba na kupasuka, mfereji wa nje lazima uwe na kina zaidi na usiguse msingi wa uwanja kabisa.

Saa 3:00 hadi 5:30. Kwanza tunarudisha tuta ndani, kwa reki pana na ubao unaokokotwa. Hesabu yake inafaa kuijua: mzunguko ni mita 120, tuta lina upana wa mita 1 na kilele cha ziada cha sentimita 10, basi, kwa kuwa lina umbo la pembetatu, ni kama mita za ujazo 6, karibu tani 10. Huo ni mchanga uliokwisha kulipiwa.

Kisha mashimo manne. Shimo la tabaka la chini halijazwi mchanga, hata kama ndiyo njia rahisi. Ukijaza mchanga umetengeneza bakuli la kuhifadhia maji chini ya kwato. Tunafagia mchanga pembeni, tunakata kingo za shimo ziwe wima, tunachimba mpaka pagumu. Kona moja imefika kwenye udongo laini, kwa hiyo tunaweka mawe ya kuvunjwa sentimita 10, tunayashindilia, halafu moramu. Moramu inawekwa kwa matabaka yasiyozidi inchi tatu, si yote kwa mkupuo, kwa kuwa shindilio la mkono halifiki chini zaidi ya hapo. Unyevu wake napima kwa kiganja: ukikamata donge likashikamana na likivunjwa likakatika vipande viwili safi, sawa. Likimwagika unga, ongeza maji. Likiacha tope mkononi, subiri jua. Tunamalizia kwa usawa wa moramu ya zamani, si juu yake, maana kinundu huonekana hata kwa farasi wa mtoto.

Saa 6:30 mchana. Chai, chapati, na kalamu. Nataka kina cha sentimita 6 uwanja mzima. Mita za mraba 800 kwa sentimita 1 ni mita za ujazo 8, takriban tani 13. Baada ya kurudisha tuta, wastani wetu ni 5, kwa hiyo tunahitaji sentimita moja tu: malori mawili ya tani saba. Zaidi ya hapo si neema. Mchanga wenye kina kirefu uliolegea huchosha farasi na kuumiza kano za miguu.

Saa 7:30. Lori la kwanza linafika na mchanga wa mto kutoka Machakos. Bei ya mchanga wa mto hutegemea pia kaunti unakotoka. Kaunti jirani ya Makueni, kwa mfano, ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga wake mwaka 2015. Kabla haujamwagwa, nasugua kiasi kati ya viganja. Ukiacha vumbi linalong'ang'ania mistari ya mkono, una udongo. Chembe zikiwa za mviringo kabisa, zitateleza chini ya kwato. Nataka zenye pembe kiasi, zishikane.

"Mkubwa, nimwage wapi?" dereva anauliza, akiwa tayari ameelekeza nyuma ya lori langoni.

Nje, hapo kando. Lori lenye tani saba likipita juu ya moramu tuliyoshindilia asubuhi, kazi yote inarudi mwanzo. Wilbaro ni polepole lakini halivunji kitu.

Maranda ya mbao ninayopewa bure kila mahali nayakataa. Miezi ya kwanza ni laini, kisha yanaoza. Oili chafu ya injini ya kuzuia vumbi siitumii kabisa: mwaka 1971 huko Missouri, Marekani, uwanja wa farasi ulinyunyiziwa oili iliyokuwa na dioksini na farasi wengi wakafa.

Saa 9:00 alasiri. Boza (lori la maji) la lita 4,000, ambalo ni milimita 5 za maji kwa uwanja mzima. Mchanga mkavu haushikani, na kuukokota ni kupuliza vumbi kwa jirani.

Kifaa chetu cha kukokotea mchanga ni kipande cha ua wa waya wa mita 2 kilichofungwa kwenye mbao ya inchi nne kwa mbili, juu kumewekwa tairi kuukuu. Mbao ina misumari iliyotokeza sentimita 3 na nusu. Meno yakigusa moramu yanaileta juu, na mchanga ukichanganyika na moramu hakuna wa kuutenganisha. Pikapu inavuta kwa gia ya kwanza, ikianza ukingoni kuja katikati, kisha duara zinazopishana. Kona ni za reki.

Saa 10:30. Farasi mmoja mtulivu anatembea, kisha anakwenda matiti, yaani mbio za polepole, pande zote mbili. Natazama alama: kwato izame sentimita 1 hadi 2, kingo zake zisimame. Kingo zikiporomoka, maji yamepungua. Mlio mgumu wa ko-ko unaonyesha mchanga ni mwembamba hapo, na tunaongeza wilbaro mbili langoni.

Saa 12:00 jioni. Ubaoni kwa saisi: wiki nzima hakuna kuruka viunzi, mavi yaokotwe kila siku kabla ya maji, kukokota mara mbili kwa wiki, na njia ya ukingoni isogezwe mita moja ndani siku za masomo ya watoto. Mvua kubwa ya kwanza ikipita, mtu akatazame mfereji baada ya nusu saa. Kukiwa na mchanga chini ya mwanya, kokoto za nyuma ya mbao ziongezwe siku hiyohiyo.