Jumapili Tuliyokaa Kuamua Matibabu ya Baba

Jumapili ya mwisho ya Januari 2020 tulikutana nyumbani kwetu Bondeni, Nakuru, kuzungumza juu ya damu ya Baba. Amu, ndugu yake Baba, alitoka Kisumu na gari la alfajiri. Shangazi zangu wawili walikuja na matatu kutoka Kaptembwo. Kaka yangu mkubwa alifika kutoka Nairobi akiwa na bahasha ya kaki kwapani, hakuiweka chini hata alipokuwa akinawa mikono. Mama alikuwa amepika pilau. Sahani ya Baba aliipakua peke yake, bila kachumbari, maana daktari alishatuonya juu ya vitu vibichi: chembe nyeupe za damu yake zilikuwa chache mno kupigana na wadudu.

Kwa miezi mingi maradhi yale hayakuwa na jina lingine zaidi ya upungufu wa damu. Baba alikuwa na miaka 71. Alianza kupumzika katikati ya ngazi za msikiti, baadaye akawa anapumzika kati ya chumba chake na uani. Zahanati ya kwanza ilimwandikia vidonge vya kuongeza madini ya chuma, ya pili ikamwandikia vilevile. Majirani walileta bitiruti, terere, managu, maini. Mtaani kwetu kila nyumba ina dawa yake ya damu, nao waliileta kwa moyo safi, na Baba alikunywa na kula kila alicholetewa. Hemoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, ikazidi kushuka hadi 5.8, wakati mwanamume mzima hutarajiwa kuwa na 13 au zaidi.

Kilichotushtua hasa ni mswaki. Tangu nilipopata akili, Baba alisafisha meno kwa mswaki wa mti. Alinunua fungu zima, akitafuna mmoja kila alfajiri kabla ya kutawadha. Asubuhi moja niliukuta juu ya karai, nyuzi zake zimelowa damu mbichi, nyekundu mpaka kwenye gome. Nilipomwuliza alisema fizi zinamsumbua tu. Nikamwomba anionyeshe miguu. Juu ya vifundo kulikuwa na vidoadoa vyekundu, vidogo kama ncha ya sindano, vingi ajabu. Nilivibonyeza kwa kidole, havikufifia.

Hapo ndipo tulipoelekezwa kwa daktari wa magonjwa ya damu. Alimlaza Baba kwa ubavu, akamganzisha, kisha akaingiza sindano nene kwenye mfupa wa nyonga upande wa nyuma. Alivuta uboho, ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, halafu akatoa na kijipande cha mfupa wenyewe. Baba alituambia baadaye kuwa ganzi hutuliza ngozi na mfupa, lakini ule uboho ukivutwa unausikia hadi mguuni. Majibu yaliporudi yalikuwa ni MDS, yaani sindromu ya mayelodisplasia, ugonjwa wa uboho unaowapata zaidi wazee. Daktari alieleza kwamba uboho wa Baba haukulala, tena ulikuwa unafanya kazi kwa bidii, ila chembe ulizotengeneza zilikuwa na kasoro na nyingi zilikufa kabla hazijaingia kwenye mzunguko wa damu. Baba, aliyefanya kazi reli hadi alipostaafu, alisikiliza akasema, "Kumbe chuma kipo tele, karakana ndiyo mbovu." Daktari akamwambia amepata sawasawa, na kwamba ndiyo sababu vidonge na bitiruti havikusaidia kitu.

Chembe changa zilikuwa asilimia 7 ya uboho. Hazifai kufika 5, na zikifika 20 huo tayari ni lukemia, yaani saratani ya damu. Kromosomu, nyuzi za urithi ndani ya chembe, zilikuwa za kawaida, na hilo lilikuwa la heri. Lakini daktari alipojumlisha yote, hemoglobini, plateleti (chembe za kugandisha damu), chembe nyeupe, chembe changa, Baba aliangukia kundi la hatari kubwa. Ni Baba mwenyewe aliyeuliza, "Nina muda gani?" Akajibiwa bila kuzungushwa: wasiotibiwa katika kundi hilo, nusu yao hawafiki mwaka mmoja na miezi saba hivi, nusu hupita hapo. Alishukuru, akatafuta kofia yake. Njiani hakusema neno mpaka tulipofika sokoni Wakulima, akaniambia ninunue ndizi za kupika.

Basi Jumapili ile, baada ya kula na vyombo kuondolewa, kaka alifungua bahasha. Ndani mlikuwa na makadirio ya gharama kutoka hospitali moja ya India, aliyoyapata kupitia wakala. Alisoma kila mstari kwa sauti. Kupandikizwa uboho, alisema, ndiyo tiba pekee inayoweza kuung'oa ugonjwa huu kabisa, na hapo alisema kweli. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa, lakini shangazi ni dada zake wa upande mmoja, na Baba alibakiwa na ndugu mmoja tu wa baba na mama, Amu, mwenye miaka 66, kisukari na presha. "Mtoto hulingana nusu na mzazi wake," kaka aliendelea, "na siku hizi nusu hiyo inatumika. Mimi nina miaka 44, sina ugonjwa wowote. Nichukueni mimi." Alipofika hapo karatasi zikaanza kumtetemeka mikononi.

Amu aliunga mkono palepale. Kiwanja cha Njoro kiuzwe, kinachopungua tuitishe harambee. Shangazi mkubwa alitaka tuanze na habasoda na asali, na kisomo, kabla ya kumkabidhi ndugu yake kwa sindano. Mdogo wake alitaka kujua kwanza kama ugonjwa huu ni wa kurithi, maana ana wanawe. Nikamtoa hofu: kwa mzee wa umri wa Baba, mara nyingi sana si wa kurithi.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiingia na Baba kwa daktari, niliombwa nieleze. Nilisema kama nilivyoambiwa. Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wake wote, ndipo awekewe mwingine. Kwa mtu wa miaka 71, dhaifu kama alivyokuwa, hatari ya kufa kwa matibabu yenyewe si ndogo. Akivuka hapo, chembe za mtoaji zinaweza kuushambulia mwili wake, ngozi, utumbo, ini, na hilo likachukua miezi au miaka. Njia nyingine ilikuwa azasitidini, sindano ya chini ya ngozi, siku 7 mfululizo katika kila siku 28. Haiponyi. Mwanzoni hesabu ya damu huweza hata kushuka zaidi, na ni lazima mgonjwa avumilie mizunguko minne hadi sita ndipo ijulikane kama inamfaa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wagonjwa wa kundi kama la Baba waliopewa dawa hiyo waliishi miezi 24 na nusu kwa kipimo cha kati, na waliopewa matibabu ya kawaida miezi 15. Njia ya tatu ilikuwa kuongezewa damu tu, na antibiotiki pindi homa ikipanda. Nayo ina deni lake: kila painti huingiza mwilini miligramu 200 au zaidi za madini ya chuma, mwili hauna njia ya kuyatoa, na mwishowe hujazana kwenye ini na moyo.

Nilipomaliza, wakaanza kubishana. Kaka alisema azasitidini ni kuahirisha kilio. Amu akasema mtu hakai na ploti huku nduguye anazikwa. Shangazi naye akasema India wanakwenda wengi na wanarudi kwenye sanduku. Sauti zilipanda mpaka watoto wakaacha kucheza uani. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shali mabegani ingawa jua lilikuwa kali, mikono miwili juu ya mkongojo. Wakawa wanasema "mgonjwa" na "mzee" kana kwamba hayupo.

Ni Mama aliyewanyamazisha. Alitoka jikoni na birika la chai, akalitua mezani kwa kishindo. "Mwenye damu yuko hapa," akasema. "Mbona hamumuulizi?"

Baba alimgeukia kaka kwanza. Alimuuliza, "Huko India nitakaa muda gani?" Kaka akajibu kwamba ni miezi, pengine nusu mwaka, karibu na hospitali. "Nani atakuwa nami?" Mmoja wetu, kwa zamu. "Na nikifia huko?" Kaka hakujibu. Baba akamwita karibu, akamshika kifundo cha mkono, akasema, "Mwanangu, umenipa mifupa yako. Hakuna baba anayepewa zaidi ya hapo. Nimeipokea. Lakini siendi."

Alisema si pesa zinazomzuia, ingawa hakutaka kiwanja cha Njoro kiuzwe. Alitaka kulala kwake. Alitaka kusikia adhana ya msikiti wake na kubishana na wenzake barazani jioni. Kisha akanigeukia mimi. "Hizo sindano, wamesema zisipungue ngapi?" Nikasema mizunguko sita, kuwa na hakika. "Basi nipeni sita. Zikinifaa, tuendelee. Zisiponifaa, niwekeeni damu na mniache na Mola wangu. Na asiwepo mtu wa kunificha majibu."

Kaka alitoka uani. Nilimfuata nikamkuta ameegemea tangi la maji, analia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake. Sikumwambia anyamaze. Aliniambia nimemkatisha Baba tamaa kwa maelezo yangu. Nilimjibu kuwa Baba hakukata tamaa, amechagua, na nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ninavyoamini hadi leo. Watu wengi huhesabu matibabu kwa umbali: anayekwenda mbali ndiye anayependwa, anayebaki nyumbani ametupwa. Nimewasikia wakisema hivyo msibani, mbele ya wajane. Ni maneno ya kuumiza, na si ya kweli. Mgonjwa aliyeelezwa yote, akauliza, akajibiwa, kisha akasema nataka hili, huyo hajatupwa na mtu.

Jioni ile kazi iliyobaki ilikuwa ya damu. Baba alihitaji painti mbili karibu kila wiki tatu, na ulikuwa wakati mbaya. Ufadhili wa Marekani kwa huduma ya damu nchini ulikuwa umekoma mwaka 2019, benki za damu zikawa tupu, na kila tulipopeleka Baba tuliambiwa tulete watu wa kutoa. Tukaanza kupanga majina kwenye daftari la mwanangu la hesabu. Amu alikataliwa na umri, mwisho ni 65. Shangazi mdogo hakufika kilo 50. Mimi hemoglobini yangu ilikuwa 12.6, na kiwango cha chini ni 12.5, nikapita kwa tundu la sindano. Ijumaa iliyofuata imamu alitangaza baada ya swala, na vijana wa msikiti wakaenda, na pamoja nao makanga wawili wa stejini ambao hata si Waislamu, walimjua Baba kwa kubishana naye kuhusu mpira.

Sindano zilianza Februari. Dawa tuliagiza Nairobi, unga kwenye vichupa, ukichanganywa lazima utumike upesi. Muuguzi alimdunga tumboni, leo upande huu, kesho ule, na kila alipodungwa paliota duara jekundu lenye joto. Machi 25 safari za ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona, na Aprili barabara ya kuingia Nairobi ikafungwa, dawa ikawa inakuja na malori ya mizigo. Mizunguko ya kwanza ilimwangusha vibaya, alilazwa kwa homa. Baada ya wa tano fizi ziliacha kutoka damu, na akawa anakaa wiki saba bila kuongezewa.

Lililomuuma ni msikiti. Ulipofunguliwa Julai, sharti likawa wenye zaidi ya miaka 58 wasiingie. Amepata nguvu za kupanda ngazi zile, na mlango umefungwa. Akawa anaswalisha uani, wajukuu nyuma yake kwa safu, akiwakaripia waliochekacheka.

Alifariki Septemba 2021, nyumbani, chembe changa zikiwa zimeshapita 20. Majibu hayo aliyasoma mwenyewe.

Kaka alitoa damu kwa mara ya kwanza wiki ileile ya kikao chetu, na hajaacha. Mwanaume hungoja miezi mitatu, mwanamke minne, hivyo kila mwaka ananipita painti moja. Akitoka hapo hunipigia simu, mkono bado umefungwa pamba, ananiuliza, "Na wewe, zamu yako lini?"