Musapofika, ukurasa wa 31

Hii ilitokea 2019, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, na mpaka leo nikimsikia mtu anasema "mi nahariri mwenyewe tu, niokoe hela" moyo unanipiga paa.

Riwaya yangu nilikuwa nimeiandika miaka mitatu. Mhariri mmoja wa Dar alinitajia elfu tatu kwa ukurasa, mi nina kurasa 208, piga hesabu, laki sita na ushee, na hela yote niliyokuwa nayo ilikuwa ya mkopo wa kikoba na yote inaenda kwa mchapaji. Basi nikahariri mwenyewe. Niliirudia mara nne, neno kwa neno, nimeweka rula chini ya mstari ili jicho lisikimbie. Lakini kazi yako mwenyewe huisomi bana, unaikumbuka. Neno limeruka hapo, kichwa chako kinalijaza, unapita kwa raha zako. Na kompyuta yangu Kiswahili haijui kabisa, ilikuwa imenipigia mistari myekundu chini ya kila neno, sahihi na lisilo sahihi, nikaizima ile kitu maana ilikuwa inaniumiza macho bure.

Sasa mama. Usiku wa kuamkia safari ya Dar kupeleka faili nikawa namsimulia hadithi nzima, anachambua mchele, nikafika pale kijana anauza shamba la minazi la marehemu baba yake bila kuwaambia ndugu. Akaacha mchele. "Anaitwa nani huyo?" Nikasema Ali. Akanyamaza kidogo, afu akasema, "Mwanangu, jina hilo litoe. Litoe leo."

Kwetu hakuna asiyejua. Baba mdogo Ali aliuza shamba la babu la njia ya Pangani, na baba alikufa hajazungumza naye vizuri. Mi nilikuwa nimeliweka jina lilivyo, wala sikufikiria, au nilifikiria nikajidanganya.

Saa nne usiku nikafungua Word. Tafuta "Ali", weka "Musa", badili zote. Nikaweka na tiki ya herufi kubwa, nikijiona nimetumia akili, ili isiguse hali na mali na serikali. Ikafanya kazi sekunde moja, ikaniambia imebadili sehemu 611. Nikashtuka, Ali mwenyewe hawezi kuwa amefika hata mia tatu. Kushuka chini nakuta "Musakuwa amechoka." "Musasema hataki." "Musaporudi mjini." Kila sentensi iliyoanza na Alikuwa, Alisema, Aliporudi, imeliwa. Mtu anayeandika Kiswahili anaelewa maana yake, nusu ya hadithi zetu zinatembea na "ali". Nilitakiwa kurudisha nyuma nianze upya kwa utulivu, ila usingizi na haraka, tayari nilikuwa nimesevu na kufunga faili, nikakaa narekebisha kwa mkono moja moja mpaka adhana ya alfajiri. Nikapanda basi macho yamevimba, Ubungo mpaka Kariakoo, nikakabidhi flashi.

Wiki mbili za kusubiri ndo nikaanza kujinadi. Hapa niseme ukweli, hii ilinitesa kuliko kuhariri. Sisi tumelelewa na "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza", halafu leo unatakiwa kila asubuhi upande status ujisifu mwenyewe. Nilikuwa naandika tangazo, nafuta, naandika, nakaa nalo saa nzima kwa mistari miwili. Unaweka, unahesabu walioona, watu 140 wameona, wanne wamejibu. Hongera sana kaka. Nitumie PDF basi. Nakala yangu ya bure usinisahau. Duka moja la vitabu walikubali kwa mali kauli, wanachukua asilimia 40 na hela nakuja kuulizia baada ya miezi mitatu. Wateja waliolipa kabla walikuwa watano. Na kwenye tangazo lile niliandika, kwa vidole vyangu hivi, "kimehaririwa kwa umakini mkubwa".

Nakala 300 zilifika Ijumaa, maboksi sita. Nilikinusa kile kitabu, nikageuza nyuma nikaisoma ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu niliyoifuata mwenyewe Maktaba Kuu ya Taifa, tarakimu 13. Nakala ya kwanza nikampa mama.

Jumamosi mchana yuko barazani na miwani, anasoma kwa sauti ya chini kama kawaida yake, kidole chini ya mstari. Akaniita.

"Mwanangu, huyu Musapofika ni nani? Nimerudi nyuma mara tatu simuoni alipoanzia. Nikadhani macho yangu."

Nilikichukua kitabu mikono inatetemeka. Ukurasa wa 31. Kuumia sikuumia kwa kosa lenyewe, niliumia kwa sababu alijilaumu yeye. Mtu mzima amekaa na kitabu cha mwanae, amekutana na neno lililovunjika, akaona kasoro iko kwake.

Mdogo wangu wa kike tukagawana kurasa, usiku kucha. Tukapata 19. Na la 20 likawa baya zaidi, kichwa cha sura ya tisa, kwa herufi kubwa tupu, ALI ANARUDI. Ile tiki niliyoiweka ndiyo ilikiruka, yenyewe ilitafuta Ali tu, siyo ALI.

Nikasema basi tutoe karatasi ya masahihisho, A4 moja inatoa nne, karatasi 75 zinatosha, stesheneri wanatoa kopi kwa shilingi mia. Nikaanza kuandika, badala ya Musapofika soma Alipofika, badala ya Musakuwa soma Alikuwa. Mdogo wangu anasoma begani kwangu. "Kaka, yoyote mwenye akili akisoma hii anajua Musa alikuwa Ali."

Kweli kabisa. Nisipoiweka nauza kitabu kibovu nikijua ni kibovu, nikiiweka namtangaza baba mdogo mtaa mzima. Mama hakusema kitu, alichukua khanga yake akajifunga kichwani. "Twende kwake."

Tulimkuta kwenye kijiwe cha kahawa karibu na kwake. Shikamoo baba mdogo. Marahaba. Nikampa kitabu na karatasi ndani yake, nikaanza kujieleza, nikajikanyaga, nikasema kuna kijana mule anauza shamba. Alisoma karatasi yote, mistari 20, taratibu sana. Kikombe chake kikapoa.

"Umeandika aliuza shilingi ngapi?"

"Laki tatu, baba mdogo."

"Ilikuwa laki nane." Akanitazama. "Na nusu yake nilimlipia babako hospitali. Hilo umeliandika?"

Nilimgeukia mama. Mama alikuwa anatazama chini.

Nikasema hii ni hadithi tu baba mdogo, siyo wewe, ni mtu wa kubuni. Akasema, "Sasa mbona ulibadilisha jina?"

Sikuwa na jibu, nilisimama pale na boksi langu. Akauliza bei, nikasema elfu kumi, akatoa noti mbili akachukua viwili, kimoja akampa mzee aliyekaa pembeni yake pamoja na ile karatasi, akamwambia anza ukurasa wa sura ya tisa.

Kesho yake walikuja wawili kutoka kijiweni kununua, sijawatangazia. Wote waliuliza kwanza kama karatasi imo ndani.